Undugu wa Msikitini Hautoshi: Andikianeni na Fundi Kabla ya Kuezua Paa



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wasomaji, kiangazi kinapoingia mwezi wa Juni, ukipita Nyamirambo hapa Kigali, au Buyenzi kwa ndugu zetu wa Bujumbura, utaona marundo ya mchanga na kokoto mbele ya nyumba nyingi. Nyumba hizi wazee wetu walizijenga kwa matofali ya udongo, yale tunayoyaita rukarakara, zikiwa na vyumba viwili au vitatu. Leo watoto wamekua, wengine wameoa na bado wako hapo hapo, bibi anahitaji chumba karibu na choo, na mabati yameshika kutu. Basi familia inakusanya akiba ya miaka, inamwita fundi, na kazi ya kubomoa inaanza.

Mvua zinarudi mwezi wa Septemba. Katika miezi hiyo mitatu mwenye nyumba anamjua fundi wake ni mtu wa namna gani, na fundi naye anamjua mwenye nyumba. Wengi wanamaliza salama, Alhamdulillah. Lakini sote tumeshasikia, na wengine tumeshaona, upande wa pili: paa limeezuliwa, fundi hapokei simu, pesa alizochukua zimekwenda kumalizia kazi ya mtu mwingine mtaa wa pili, na mama na watoto wanalala chini ya turubai huku mawingu yanakusanyika. Au fundi amemaliza kuta zote, na mwenye nyumba kila Jumamosi anasema "njoo wiki ijayo, inshaAllah", hali wasaidizi wake, wale abayede, wamesimama mlangoni wanangoja pesa ya unga.

Matokeo yake hayaishii kwenye nyumba. Watu wawili waliokuwa wakipeana mikono baada ya kila swala sasa mmoja anahama safu akimwona mwenzake. Wake zao hawaalikani tena kwenye akika na harusi. Na lililo zito zaidi, familia iliyobaki na nyumba nusu inakwenda kuchukua mkopo wa riba ili kuwahi mvua, au inagusa ada ya shule ya mtoto. Dhambi moja inazaa nyingine, na chanzo chake ni maneno mawili tuliyoyasema siku ya kwanza kwa nia njema kabisa: "tunaaminiana tu".

Maoni yangu katika makala hii ni haya: undugu wetu wa imani hauchukui nafasi ya mapatano yaliyoandikwa. Kinyume chake, mapatano yaliyoandikwa ndiyo yanayoulinda undugu huo. Anayekuambia tuandikiane hajakutilia shaka. Amekupenda, kwa sababu hataki siku moja akutilie shaka.

MAFUNZO MATATU KUTOKA KWA WALIOTUTANGULIA

La kwanza ni nani wa kumpa kazi. Tunasoma katika Suratul Qasas, aya ya 26, jinsi binti wa mzee wa Madyan alivyomshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (A.S.), akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Wanachuoni wameeleza kwamba nguvu hapa ni uwezo wa kuifanya kazi yenyewe. Sifa hizi mbili zinakwenda pamoja. Mwaminifu asiyejua kazi atakuharibia nyumba huku akiswali swala tano. Mjuzi asiye mwaminifu atakujengea ukuta mzuri kwa simenti aliyoipunguza.

Sisi mara nyingi tunaangalia nusu tu. Tunampa kazi ndugu kwa sababu tunaswali naye, au kwa sababu ni shemeji wa rafiki. Mtume (S.A.W.) hakufanya hivyo. Ulipokuwa unajengwa msikiti wa Madina, alimwachia Talq bin Ali (R.A.) kazi ya kukanda udongo kwa sababu alikuwa anaijua kuliko wengine. Na katika safari ya Hijra, safari ambayo roho yake na ya Abubakar (R.A.) zilikuwa hatarini, alimwajiri Abdullah bin Urayqit awe kiongozi wa njia, na mtu huyo alikuwa bado hajasilimu. Alijua njia, na alikuwa mtu wa kuaminika katika kazi yake. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu nyumba yako, nenda ukaione nyumba aliyoijenga miaka miwili iliyopita. Angalia nyufa. Muulize mwenye nyumba ile kama fundi alirudi alipoitwa kurekebisha. Kuuliza huku ukitafuta wa kumpa kazi si kusengenya, maana wanachuoni wameruhusu kutaja hali ya mtu pale mwenzako anapotaka ushauri wa kweli, mradi usizidishe.

La pili ni kuweka muda na mahali wazi. Huyo Abdullah bin Urayqit alikabidhiwa ngamia wawili, akaambiwa awalete kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu. Angalieni jinsi mapatano yale yalivyokuwa: kitu alichokabidhiwa kinajulikana, mahali panajulikana, siku inajulikana. Hakuambiwa "ukipata nafasi utakuja".

La tatu ni kutenganisha yaliyo wajibu na yaliyo ziada. Katika sura ile ile ya Qasas, aya ya 27 na ya 28, mzee wa Madyan alimwekea Musa (A.S.) miaka minane ya kazi, akamwambia kwamba akitimiza kumi itakuwa ni hisani yake. Musa akakubali, akasema muda wowote kati ya miwili atakaoutimiza asidaiwe zaidi, na wakamweka Allah kuwa shahidi. Ibn Abbas (R.A.) amepokewa akisema kwamba Musa alitimiza ule mrefu. Lakini miaka miwili ile ilibaki kuwa hisani na haikugeuzwa deni. Katika ukarabati wa nyumba hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. "Fundi, kwa kuwa uko hapa, nitolee na huu ukuta wa jikoni." "Fundi, sogeza kidogo dirisha." Mwenye nyumba anadhani ni hisani, fundi anadhani ni kazi mpya, na siku ya hesabu kila mmoja anamwona mwenzake mwizi.

AYA NDEFU KULIKO ZOTE

Allah (S.W.) angeweza kuifanya aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani izungumzie jambo lolote. Aya hiyo, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana deni. Inataka muda utajwe, mwandishi awe muadilifu, mashahidi wawepo, na tusichoke kuandika deni likiwa dogo au kubwa. Na waliosemeshwa mwanzoni mwa aya ni walioamini. Yaani ni sisi sisi ndugu tulioambiwa tuandikiane.

Kuna jambo jingine katika aya hiyo ambalo halisemwi sana. Anayetakiwa kutamka ili mwandishi aandike ni yule anayedaiwa. Hii ni hekima kubwa kwa mwenye nyumba na fundi, kwa sababu kila mmoja wao anadaiwa: mwenye nyumba anadaiwa pesa, fundi aliyepokea avansi anadaiwa kazi. Basi siku ya kuandikiana, fundi aseme kwa mdomo wake kazi atakayoifanya, na mwenye nyumba aseme kwa mdomo wake pesa atakazotoa na siku atakazozitoa. Mtu hawezi kukataa kwa urahisi maneno aliyoyatamka mwenyewe mbele ya mashahidi.

Ni kweli kwamba wanachuoni wengi wameona kuandika huku ni jambo linalopendekezwa sana na si faradhi, wakitazama aya inayofuata, ambayo inataja hali ya watu walioaminiana na kumtaka aliyeaminiwa arudishe amana. Lakini mtu asiichukue ruhusa hiyo kuwa kawaida yake. Anayenunua kilo ya sukari dukani anaweza kuacha kuandika. Anayeezua paa juu ya vichwa vya watoto saba anahitaji karatasi.

Wapo wanaosema: fundi wetu hajui kusoma, utamwandikia nini? Jibu liko ndani ya aya ile ile. Asiyeweza kutamka mwenyewe, msimamizi wake atamke kwa niaba yake kwa uadilifu. Mlete ndugu yake au mtoto wake anayejua kusoma, asome kwa sauti, kisha fundi aweke kidole gumba. Mtu asiyesoma ndiye anayehitaji zaidi karatasi ya haki, kwa sababu ndiye anayedhulumiwa kwa urahisi.

NI MKATABA WA AINA GANI?

Kuna namna mbili za kumpa fundi kazi, na zina hukumu tofauti. Ikiwa wewe unanunua vifaa na fundi anatoa nguvu na ujuzi wake tu, hiyo ni ijara, kuajiri kazi. Ikiwa fundi analeta vifaa na kukukabidhi kazi iliyokamilika, hiyo inaitwa istisnaa, mkataba wa kutengenezewa kitu. Madhehebu yalitofautiana juu ya istisnaa. Mahanafi waliikubali kuwa mkataba wake wenyewe, na wengine waliifungamanisha na masharti ya salam, ambapo bei hulipwa mwanzoni. Mwaka 1992, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah, lilitoa uamuzi kwamba istisnaa ni mkataba unaowafunga pande zote mbili masharti yake yakitimia, kwamba bei yake inaweza kucheleweshwa au kulipwa kwa mafungu, na kwamba inafaa kuweka sharti la fidia kwa fundi anayechelewesha, isipokuwa amezuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake.

Hapa tuwe waangalifu. Fidia hiyo ni kwa kuchelewesha kazi. Haifai fundi kuweka sharti kwamba mwenye nyumba akichelewa kulipa deni ataongezewa kiasi fulani kwa kila wiki, kwa sababu hiyo ni nyongeza juu ya deni, na nyongeza juu ya deni ni riba. Kinachofaa ni fundi kuwa na haki ya kusimamisha kazi mpaka alipwe, na hilo nalo liandikwe.

Kwa familia za kipato cha kati na cha chini, mimi naona njia ya kwanza ndiyo salama zaidi: nunua vifaa mwenyewe, fundi alipwe ufundi. Tatizo kubwa linalozikuta familia nyingi ni pesa za vifaa na za kazi kuchanganywa katika mfuko mmoja wa fundi. Fundi mwenye kazi tatu na watoto watano akishika pesa zako zote, shetani hahitaji kumshawishi sana.

YA KUANDIKA KATIKA KARATASI

1. Kazi yenyewe, chumba kwa chumba. Usiandike "kukarabati nyumba". Andika: kuezua mabati ya zamani, kubadilisha mbao za paa zilizooza, kuezeka kwa mabati ya geji 28, kupiga lipu vyumba viwili, kumwaga sakafu ya sebule. Geji nayo itajwe, kwa sababu bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na aliye chini haoni tofauti likishapigwa misumari.

2. Namna ya kufanya. Ukuta wa rukarakara una tabia zake. Ukiupaka lipu ya simenti moja kwa moja, udongo unanywa unyevu na kujisogeza tofauti na simenti, na baada ya muda lipu inapasuka na kubanduka. Mafundi wazuri hupigilia wavu wa waya kwanza. Zege nalo lisiachwe likauke kwa jua. Linahitaji kumwagiliwa maji kwa muda wa siku saba angalau. Ikiwa kazi inagusa kuta na muundo wa nyumba, ulizeni kibali cha serikali kabla ya kubomoa, na iandikwe nani atakishughulikia.

3. Siku ya kuanza na siku ya kumaliza, kwa tarehe.

4. Malipo kwa hatua ya kazi, si kwa wiki. Tuseme ufundi ni faranga 1,000,000. Inaweza kugawanywa hivi: 150,000 siku ya kuanza, 250,000 kuta zikikamilika, 300,000 paa likikamilika, 200,000 lipu na sakafu zikikamilika, na 100,000 za mwisho zibaki kwa siku 60 baada ya kumaliza ili kasoro zikionekana zirekebishwe. Hili la mwisho lazima fundi alijue na kuliridhia tangu siku ya kwanza, sio kumshtukiza siku ya hesabu. Na msiandike "mpaka mvua inyeshe", maana hakuna ajuaye siku ya mvua, na muda usiojulikana ni gharar. Andikeni tarehe.

5. Kazi ya ziada. Sharti moja linatosha: hakuna nyongeza bila kuandikwa bei yake na siku zake kabla ya kuianza, hata kama ni kusogeza dirisha.

6. Wasaidizi. Fundi aahidi kuwalipa abayede wake kila anapopokea malipo, na mwenye nyumba awe na haki ya kuwauliza kama wamelipwa.

7. Adabu za nyumba. Hili linasahaulika, na sisi ni familia za Kiislamu. Andikeni saa za kazi, milango ambayo wafanyakazi hawaingii, choo watakachotumia, na mapumziko ya Ijumaa kwa wanaoswali. Mama asibaki peke yake ndani na fundi kwa kisingizio cha kumwonyesha mahali pa swichi. Sitara ya familia haivunjwi pamoja na ukuta.

Karatasi ziwe mbili zinazofanana, kila mmoja na yake, na mashahidi wawili. Malipo yakipitishwa kwa MoMo yanaacha alama kwenye simu. Ya mkononi yasainiwe katika daftari siku hiyo hiyo.

TUSIWALAUMU MAFUNDI PEKE YAO

Katika vikao vyetu imekuwa mazoea kusema "mafundi wote ni waongo". Maneno haya ni dhulma. Wengi wao ni wazee wa familia kama sisi, wanaamka alfajiri, wanapanda ngazi zisizo salama, na mwisho wa siku wanasubiri pesa kwa mtu aliyekwenda kununua sofa mpya kwanza.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake upesi, jasho lake likiwa bado bichi mwilini, kama alivyopokea Ibn Majah. Na katika hadithi qudsi iliyopokewa na Imam Bukhari, Allah amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira. Tafakari, ndugu yangu: utasimama kortini na Mola wako ndiye mgomvi wako, kwa sababu ya kuta za sebule.

Na tujiulize makosa yetu. Nani anabadilisha ramani katikati ya kazi? Nani anaanza ukarabati akiwa na nusu ya pesa, akitegemea ndugu wa Ulaya atatuma, kisha ndugu hatumi na fundi anakaa wiki mbili bila kazi? Nani anachagua bei ya chini kuliko zote, akijua moyoni kwamba kwa bei hiyo kazi nzuri haiwezekani? Suratul Mutaffifin inawaonya wanaotaka wapimiwe kamili na wao wakipima wanapunguza. Tumezoea kuisoma aya hiyo tukimfikiria muuza mchele. Inamhusu pia mwenye nyumba anayetaka ukuta kamili kwa ujira pungufu, na fundi anayepokea ujira kamili na kuchanganya zege kwa simenti pungufu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mwepesi ingawa ni mgumu kuufuata: usiezue kile usichoweza kukifunika. Ukiwa na pesa za paa tu, tengeneza paa mwaka huu na uache kuta kwa kiangazi kijacho. Nyumba iliyokarabatiwa kwa miaka mitatu bila deni ina baraka kuliko iliyomalizwa kwa miezi mitatu kwa riba.

IKISHAHARIBIKA

Hata kwa karatasi, matatizo yanaweza kutokea. Fundi anaugua, bei ya simenti inapanda, mtu anavunja ahadi. Hapo fanyeni hivi kwa utaratibu.

Kwanza, simamisha malipo ya hatua isiyokamilika, lakini usisimamishe mazungumzo. Mwite fundi, mkae, mtembee chumba kwa chumba na karatasi mkononi. Pili, mleteni fundi wa tatu mnayemkubali nyote wawili, apime kazi iliyofanyika ina thamani gani. Kazi iliyofanyika vizuri ilipwe, hata kama mna ugomvi juu ya iliyobaki. Haifai kuushika ujira halali kama silaha, na haifai kuzifungia ndani nyundo na ngazi za fundi, maana hizo ni riziki ya watoto wake.

Tatu, tafuteni suluhu. Qur'ani imeisifu suluhu kuwa ni heri katika Suratun Nisaa, aya ya 128, na ingawa aya hiyo inazungumzia mume na mke, maana yake inaenea. Imamu au wazee wawili wa msikiti wanaweza kuwapatanisha jioni moja, hasa karatasi ikiwepo. Wasipoweza, si dhambi wala aibu kwenda kwenye vyombo vya nchi: hapa Rwanda tuna Abunzi katika ngazi ya akagari, Burundi kuna Bashingantahe, Uganda kuna mabaraza ya LC1. Hao nao swali lao la kwanza litakuwa: mliandikiana?

Nne, muda wote huo uchunge ulimi. Mwenye kudhulumiwa ana haki ya kusema mbele ya anayeweza kumsaidia. Hana haki ya kumtangaza mwenzake kwenye kila harusi na kila kikundi cha simu. Ukimaliza kudai haki yako kwa ghiba, utakuta na wewe unadaiwa.

NENO KWA WANAFUNZI

Nyinyi vijana wetu mnaosoma, likizo ndefu inaangukia wakati wa kiangazi, wakati wa kazi hizi. Aya ya 282 inamwambia mwandishi asikatae kuandika, kwa kuwa ni Allah aliyemfundisha. Mwandishi wa leo katika nyumba nyingi ni wewe mwanafunzi wa sekondari. Baba anajua kupatana, mama anajua kila faranga iliyotoka, lakini karatasi na daftari wewe ndiye unayeviweza.

Basi chukua daftari. Ukurasa mmoja andika malipo: tarehe, kiasi, hatua, saini. Ukurasa wa pili andika vifaa: mifuko mingapi ya kilo 50 imeingia, mingapi imetumika, wapi. Kila jioni piga picha ya kazi ilipofikia. Msomee babu mapatano kwa sauti kabla hajaweka kidole. Na ukiona baba anataka kumcheleweshea fundi Jumamosi, mkumbushe kwa adabu. Elimu tunayowalipieni ada ni pamoja na hii, na pengine daftari lako ndilo litakalowazuia wazee wawili wasikatane undugu.

Na nyinyi mnaosomea uashi, useremala na umeme katika vyuo vya ufundi, mna nafasi ya kuwa kizazi cha mafundi wanaokuja kwa mteja na karatasi mkononi kabla hata ya kuombwa. Fundi wa namna hiyo hatakosa kazi, inshaAllah, na atakuwa anafanya daawa kwa mwiko wake.

Ndugu wasomaji, turubai mtaani si dalili ya mvua tu. Mara nyingi ni dalili ya maneno yaliyosemwa bila kuandikwa. Kiangazi hiki, kabla bati la kwanza halijashuka, kaeni chini, fundi na familia, mtoto ashike kalamu, kila mmoja atamke anachodaiwa, mashahidi wasikie. Kisha anzeni kwa Bismillah.

Tunamuomba Allah (S.W.) azilinde nyumba zetu na mioyo iliyomo ndani yake, awape mafundi wetu riziki ya halali, na atuepushe na dhulma, ya kuifanya na ya kufanyiwa. Aamiin.

Wabillahi Tawfiiq.
Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakaatuh.